Mchanga Uliooshwa

Teksi ilikuwa imeshatoka mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, buti limefungwa kwa kamba kwa sababu sanduku la Bi Mwikali lilikataa kuingia lote, na sisi watatu tumo ndani tunaelekea uwanja wa ndege wa Baiyun. Mbele, ubavuni mwa dereva, alikaa Rodgers. Nyuma yake alikaa Bi Mwikali, mama mkwe wake, leso imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mimi nilikaa karibu naye, goti langu bovu limebanwa na kiti, nikiendelea na kazi niliyoifanya siku nne mfululizo na ambayo simwombei hata adui yangu: kubeba maneno.

"Mzee Vuai," akasema Bi Mwikali, "mwambie Baba Alvin afunge dirisha. Huo upepo utamwingia kifua."

Kutoka mdomo wake mpaka sikio la Rodgers hapakufika hatua moja. Alimsikia. Hata dereva, asiyejua Kiswahili hata neno moja, alimsikia. Lakini Rodgers akaendelea kutazama malori mbele yetu kama mtu aliyezaliwa kiziwi, ananingoja mimi.

"Rodgers, mama anasema ufunge dirisha."

"Mwambie mama asante," akasema, akafunga.

"Amesemaje?" akauliza Bi Mwikali.

Lahaula!

Wakamba wana kitu wanakiita nthoni. Ni haya na heshima, na kwa aliyeingizwa katikati kama mimi ni ukuta. Mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawaitani majina. Wengi siku hizi wameiacha, hasa watu wa mjini. Bi Mwikali hakuiacha. Ukuta wenyewe una mlango: mkwe anampelekea mama mkwe mbuzi wawili na blanketi, mbele ya mzee, na tangu siku hiyo wanasemezana kama watu wengine. Rodgers alikuwa na miaka tisa katika ndoa, na kila Krismasi ilipofika lilitokea jambo, mbuzi hawakwenda.

Na watu hao ndio waliopanda ndege wakaja Guangzhou, mwaka 2007, kupanga pamoja machimbo ya mchanga.

Mimi ni mtu wa Makunduchi. Nimekaa bandari nyingi, nimesoma kidogo kila mahali na sikumaliza popote, na mwaka huo nilikuwa na mwaka wa sita Guangzhou, natembeza wafanyabiashara. Huyu anataka vigae, yule anataka jenereta, mwingine anataka nywele bandia. Watu wa mchanga sikuwahi kuwapata.

Shauri lao lilikuwa hivi. Bi Mwikali ni mjane, na ana malisho ya ekari arobaini huko Makueni, hati ina jina lake mwenyewe. Chini ya malisho unapita mto wa mchanga, ule mto ambao wakati wa kiangazi huoni maji. Unachimba shimo mchangani, maji yanajikusanya, ng'ombe wanakunywa. Nairobi ilikuwa inajengwa kila upande, malori yanatafuta mchanga kama yamerukwa na akili, na majirani walishaanza kuuza. Malori mengine yalichota bila kumwuliza mtu. Basi familia ikakaa ikasema, kama mchanga utaondoka tu, afadhali tuutoe wenyewe, kidogo kidogo, kwa mpango. Rodgers amefanya kazi ya ujenzi. Akasema China kuna mashine ndogo za kuchekecha mchanga, tukanunue moja. Bi Mwikali akasema sawa, lakini yeye hatii sahihi kwa kitu ambacho hajakiona kwa macho yake.

"Hata ng'ombe nisiyemwona simnunui," aliniambia siku ya kwanza. "Sembuse hilo dude."

Hotelini aliwekwa ghorofa ya saba na Rodgers ghorofa ya saba. Makosa yangu. Asubuhi lifti ikifunguka na Rodgers yumo, yeye haingii. Inashuka, inapanda, inafunguka, sasa yumo Rodgers anarudi kuchukua simu aliyoisahau. Siku ya pili mama alishuka ngazi zote kwa miguu na akafika chini kabla yetu.

Chakula nacho! Tulikwenda kwa Waislamu wa pale Xiaobei wanaouza tambi za mwana-kondoo. Rodgers akakaa meza ya mlangoni anatazama barabara, Bi Mwikali akakaa meza ya jikoni anatazama ukuta, wamepeana migongo. Mimi nikala nusu bakuli huku, nusu bakuli kule, mpaka mwenye mkahawa akaniuliza kwa mkono kama ninatafuta kitu kilichopotea.

Mkahawani humo, siku ya pili, Bi Mwikali alinieleza jambo refu la kumfikishia mkwewe. Refu kweli. Alitumia vijiti vya kulia kunionyesha, hiki ni mto, hiki ni boma, huku kuna kona. Nilikuwa nimeshapita baina ya meza zile mara ishirini, tambi zangu zimepoa pande zote mbili. Nikaenda kwa Rodgers.

"Anasemaje?" akauliza.

"Mama amekubali," nikasema.

Hiyo ndiyo tafsiri niliyotoa. Nitalipia hapo mbele.

Siku ya tatu tukaenda kiwandani, nje ya mji. Nilimchukua Kuluthumu, binti wa Tanga aliyekuwa anasomea uhandisi wa maji kwa ufadhili wa serikali, kwa sababu Kichina changu ni cha sokoni, kinajua bei na kukataa tu. Laoban wa kiwanda, yaani bosi mwenyewe, alikuwa mama mfupi mwenye simu mbili shingoni. Akataka kuona mchanga wetu kwanza, ndipo aseme mashine gani inafaa. Bi Mwikali alikuja nao kutoka nyumbani, kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili, limefunikwa kitambaa na kitambaa kimeshonwa. Akanipa mimi, mimi nikampa Rodgers, Rodgers akampa Kuluthumu, Kuluthumu akampa laoban. Halafu Bi Mwikali akatoka akakaa kwenye kiti koridoni, uso kwa kalenda, maana ofisi ilikuwa moja na mkwe yumo.

Fundi wao akatia mchanga kwenye chupa ya kioo, akamimina maji, akatikisa, akaweka mezani. Tukangoja. Mchanga ukatua chini kama sukari, na maji yakabaki meupe unaona hata kidole upande wa pili. Laoban akaita watu wengine waje kuona.

"Anasema mchanga kama huu hajapata kuletewa," Kuluthumu akatafsiri. "Hauna tope hata chembe. Anasema msinunue mashine ya kuosha, ni kupoteza. Chukueni hii ndogo ya kuchekecha mchanga mkavu. Mkilipa arubuni, wataanza kuiunda."

Rodgers akatabasamu mpaka jino la mwisho. Nikatoka koridoni.

"Mama, wanasema mchanga wako ni safi sana."

Bi Mwikali akainamisha kichwa kama mwanamke aliyesifiwa vyombo vyake na wageni. "Nashukuru," akasema.

Swali moja tu ningeuliza pale. Sikuuliza. Nilikuwa na njaa.

Basi ikapangwa kwamba Bi Mwikali, kwa kuwa ameshaiona mashine kwa macho, arudi zake. Ng'ombe wake hawakujua habari za China. Rodgers abaki, kesho yake akalipe arubuni, halafu apitie soko la Shisanhang kuchukua nguo za duka la mkewe Anita. Ndiyo maana tukawa ndani ya teksi ile, foleni imetukamata kabla ya kuingia barabara kuu, dirisha limefungwa, na joto lote limekuja nyuma.

"Mzee Vuai," akaanza tena Bi Mwikali.

"Naam, mama."

"Mwambie Baba Alvin, kesho kabla hajalipa, awaulize kama hiyo mashine itaweza ule udongo."

"Udongo gani?"

"Ule wa kwenye mchanga. Ule niliuosha ukatoka."

Niliona shingo ya Rodgers ikikakamaa.

"Uliosha," nikasema.

"Sasa ningepeleka mchanga mchafu kwa watu? Niliosha mara tatu kwa karai, mpaka maji yakawa meupe. Nikaanika kwa gunia, nikachagua majani. Kitu kinapita kwa mkono wa mkwe wangu, kinaenda kwa wageni mpaka China, nikitie kwa kopo na matope yake? Waseme binti yangu alitoka nyumba gani?"

Nimeishi miaka mingi. Nimemwona mtu akipiga pasi kitambulisho. Lakini mtu kuosha sampuli ya mchanga kama mchele wa harusi, hilo nilikuwa sijaliona.

"Mzee," akasema Rodgers, sauti imekonda, macho bado kwa malori, "muulize mama udongo ulikuwa kiasi gani."

"Mama, anauliza udongo ulikuwa kiasi gani."

"Nilijaza karai nikabaki na kopo."

"Rodgers, alijaza karai akabaki na kopo."

"Nimesi—" akajizuia. "Asante, mzee."

Foleni ikasogea kidogo. Kisha Rodgers akavuta pumzi kama mtu aliyepata dawa.

"Mwambie mama haina neno. Huo ni wa juu, kwenye nyasi. Ule wa mtoni hauna udongo. Tutaanzia chini mtoni, mashine itafanya kazi vizuri tu. Hata nyasi hatutahangaika kuondoa."

Sikufikisha. Sikuhitaji. Bi Mwikali aligeuka, akasukuma leso juu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanitazama machoni.

"Mzee Vuai. Ile ya chini hukumwambia?"

Hapo ningeweza kusema uongo, na nilikuwa nao tayari, lakini joto lile lilinimaliza nguvu.

"Nilimwambia umekubali."

"Nusu saa nimekueleza! Na vijiti!"

"Nilifupisha, mama."

"Ulifupisha!" Akajipiga paja. "Chini ndiko kuna visima vya ng'ombe wangu. Ule mchanga ndio umeshika maji. Ukiutoa, mvua ikinyesha maji yote yanakimbia na mto, na kiangazi ukichimba unapata jiwe. Nikakwambia mto usiguswe hata koleo moja. Nikakwambia ni ile kona ya zamani, juu, mahali mto ulipita zamani za babu. Kuna mchanga chini ya nyasi. Tunachimba kipande kidogo, robo ekari, nyasi zinabanduliwa zinawekwa kando, tukimaliza zinarudishwa, ndipo tunaenda kipande kingine. Hiyo ndiyo nilikubali. Na huo mchanga wa kopo ni wa hiyo kona!"

Sasa ikanikaa kichwani, na nadhani ikamkaa Rodgers wakati huohuo. Mashine iliyochaguliwa haiwezi mchanga wenye udongo. Ikifika Makueni, itakataa ile kona, na watu wakishailipia hawataiacha ikae ipate kutu. Wataishusha mtoni ambako mchanga ni safi. Mto ukichimbwa, visima vinakufa. Visima vikifa, ng'ombe wa Bi Mwikali wana kiangazi kimoja tu.

Na kesho asubuhi arubuni inalipwa.

"Mwambie Baba Alvin—" akaanza mama.

"Mzee, mwambie mama—" akaanza Rodgers.

"Mimi simwambii mtu!" Nikapiga kelele hata dereva akagusa breki. "Basi! Nimejiuzulu! Semezaneni wenyewe au nyamazeni mpaka kiyama!"

Wakanyamaza. Wallahi walinyamaza kutoka pale mpaka uwanja wa ndege, dakika arobaini, ng'ombe wanakufa na adabu haijavunjika.

Tulifika saa sita na ushei mchana. Ndege yake ilikuwa ya saa kumi na moja; tuliwahi, maana Bi Mwikali alisema ndege si ya kukimbizwa. Akakaa kwenye viti vya ukumbini. Rodgers akaenda kusimama nyuma ya nguzo na begi lake kubwa ambalo alitaka kulipeleka kwa watu wa mizigo ya ndege. Nikamfuata nikichechemea.

"Wewe bwana. Hao mbuzi wawili ni kitu gani cha kumshinda mtu mzima miaka tisa?"

"Mbuzi wapo, mzee. Niliwanunua mwezi wa nane, wako kwa mjomba wangu, mlima mmoja tu kutoka kwa mama. Nilitaka Krismasi hii nifanye vizuri, na blanketi la maana."

"Na blanketi?"

Akatazama begi.

"Limo humo?" nikauliza.

"Nilinunua juzi. Ndilo nilikuwa nataka kutuma."

Nilitaka kumpiga na lile begi. "Siku nne! Siku nne nala nusu bakuli, na wewe unalala na blanketi chini ya kitanda!"

"Mzee, blanketi bila mbuzi ni nini? Ni matusi. Na lazima kuwe na mzee wa kushuhudia."

"Mzee ni nani hapa? Mimi ni mtoto? Toa simu. Kwenu sasa ni saa mbili kasoro asubuhi. Mwambie mjomba awapeleke mbuzi."

Akapiga. Mjomba akataka kwanza kumaliza chai. Rodgers akampigia Anita, Anita akampigia mjomba, na chai ikaisha. Nikarudi kwa Bi Mwikali, nikamwambia jambo moja tu, na safari hii sikulifupisha: kwamba mbuzi wako njiani kwenda bomani kwake, na kwamba akubali kungoja. Akafungua mkoba, akatoa simu yake, akaiweka kwenye paja.

Tukangoja saa moja na nusu. Watu wa Dubai wakapita na televisheni zao, Wakongo wakagombana kwa Kifaransa juu ya uzito wa mizigo, mhudumu akawaambia meiyou, meiyou, hakuna cha kuongeza. Rodgers nyuma ya nguzo. Mama kwenye kiti. Mimi katikati na goti langu, nasubiri mbuzi wanaotembea Makueni.

Simu ya Bi Mwikali ikalia. Alikuwa Dorothea, wifi yake, aliyeachiwa boma. Sauti yake ilisikika mpaka kwangu: "Wameingia! Wawili! Mmoja ana pembe moja!"

"Pembe nyingine iko wapi?" akauliza Bi Mwikali.

"Sijui! Amekuja hivyo!"

"Ni dume?"

"Dume!"

"Basi mfungie." Akakata simu. Akakaa wima, akatazama sakafu. "Mzee Vuai, mbuzi wamefika."

Nikamwita Rodgers kwa mkono. Alikuja ameshika blanketi kwa mikono miwili, zito, jekundu, lina maua makubwa, bado limo kwenye mfuko wake wa nailoni wenye zipu. Akapiga goti moja pale ukumbini, watu wanapita na vitoroli. Sikujua maneno ya Kikamba, nikasema ya kwetu: "Bi Mwikali, mwanao amekuletea. Mimi nimeona." Akalipokea. Akafungua zipu, akalishika kwa vidole, akalinusa. Kisha akainua uso akamtazama mkwewe.

"Rodgers," akasema.

Miaka tisa. Kijana macho yakamjaa maji. "Naam, mama."

"Ulitaka kuua ng'ombe wangu."

"Mama, hakuna mtu aliniambia!"

"Si ungeuliza!"

"Ningeuliza vipi? Na ni wewe uliosha mchanga!"

"Ulitaka niulete na mavi ya mbuzi?"

"Ndiyo! Na mavi yake! Sampuli inaletwa vile iko!"

"Usinipandishie sauti, nimekupa binti!"

Kumbe adabu ile ndiyo ilikuwa inatukinga sote. Miaka tisa ya maneno yalikuwa yamepanga foleni, na sasa lango limefunguliwa. Yakaja mabati ya jikoni ambayo Rodgers aliyaezeka na bado yanavuja. Likaja jina la mtoto: "Alvin! Alvin ni jina la nani? Baba yangu hakuwa na jina?" Rodgers naye akatoa yake, jinsi alivyokaa nje kwenye mvua Pasaka nzima kwa sababu mama alikuwa sebuleni. Askari wa uwanja akaja kutazama. Nikamwonyesha blanketi, nikamwambia laoban, laoban, familia. Akaondoka. Mimi nilitamani wanyamaze tena japo dakika kumi.

Walipochoka, Bi Mwikali akaokota kifuniko cha katoni mtu alichokitupa, akaomba kalamu. Akachora malisho yake yote: boma, njia ya ng'ombe, kona ya zamani, mto chini, na visima vinne, kila kimoja duara. Rodgers akachutama. Akapekua begini akatoa kijiko cha kuchimbia, kigari cha kuchezea cha plastiki cha manjano alichomnunulia Alvin kule soko la Yide Lu, akakiweka juu ya katoni, mtoni, kuonyesha.

"Kama mashine ikikaa hapa—"

Bi Mwikali akakiinua kile kidude kwa vidole viwili, akakiweka juu, kwenye kona.

"Sawa," akasema Rodgers. "Lakini huko kuna udongo. Lazima kuosha. Mashine ya kuosha inakunywa maji kuliko ng'ombe mia. Tutayatoa wapi? Visima vyako?"

"Jaribu uone!"

"Ndiyo nauliza."

"Mvua," akasema mama. "Unachimba kabla ya mvua. Unarundika hapa kwenye mteremko, unaweka mawe chini yake. Mvua inaosha. Hata hiyo karai nilifanya tu kazi ya mvua. Ikikauka unachekecha kwa wavu, kwa mkono."

"Mvua ni mara mbili kwa mwaka, mama."

"Basi uza mara mbili kwa mwaka."

"Hiyo si biashara, hicho ni kilimo!"

"Basi lima."

Rodgers akatazama katoni muda mrefu. Akahesabu kitu kwa midomo, akafuta, akahesabu tena. Mwisho akakitoa kile kijiko cha plastiki kwenye kona, akakirudisha begini. "Mzee," akaniambia, "mpigie Kuluthumu. Mwambie mashine hatuchukui."

Bakshishi ambayo kiwanda kingenipa mashine ikinunuliwa ikaondoka na maneno hayo, nami nikapiga simu. Ningefanya nini? Kosa lilianza na mimi na tambi zangu.

Wakatangaza safari. Bi Mwikali alikataa blanketi lipelekwe na mizigo. Alipita nalo kwapani. Kwenye mstari wa pasipoti akageuka.

"Rodgers, ufunge dirisha ukirudi."

"Nimesikia, mama."

"Na wewe Mzee Vuai, asante kwa kubeba. Lakini maziwa usiwahi beba. Utafika na kibuyu kitupu."

Kesho yake Rodgers alikwenda kiwandani na Kuluthumu akamweleza laoban. Laoban hakukasirika. Alirudisha kopo na mchanga wake, akamuuzia mikunjo sita ya wavu wa chuma, ambayo ilisafiri ndani ya kontena la nguo.

Walichimba kipande cha kwanza mwezi wa Oktoba. Mvua ya vuli ilikuwa kali, ikasomba nusu ya rundo mpaka shamba la jirani, jirani akajengea choo. Mwaka uliofuata waliweka mawe zaidi na rundo likabaki. Waliuza malori machache kila msimu. Hawakutajirika.

Majirani wa chini waliuza mchanga wa mto wote. Kufikia mwaka 2011 visima vyao vilikuwa vimekauka, na kiangazi walileta ng'ombe kunywa kwa Bi Mwikali, kwa zamu, siku za Jumanne na Ijumaa.

Rodgers aliacha kazi ya ujenzi, akahamia karibu na malisho. Yeye na mama mkwe waligombana kila Krismasi, ana kwa ana. Mabati ya jikoni yalibadilishwa. Mbuzi wa pembe moja alichinjwa siku Alvin alipomaliza darasa la nane.

Kuluthumu alihitimu, akaajiriwa katika mambo ya maji huko Dodoma. Ameolewa, ana watoto wawili.

Kiwanda kile kilihama. Laoban simjui alikokwenda.

Bi Mwikali alifariki mwaka 2016. Alizikwa juu, upande wa boma. Blanketi analo Anita.

Mimi viza yangu ilikataliwa mwaka 2008, kabla ya michezo ya Olimpiki. Nilikwenda Maputo, halafu Tanga, ambako nipo. Goti halikupona.